Vidole Kumi vya Mzee Sifuri

Kila siku kazi ikiisha, kabla hajavua glavu, mzee mmoja wa kiwanda cha dawa za macho alikuwa anabonyeza vidole vyake kumi kwenye sahani mbili ndogo za jeli. Mkono wa kulia sahani moja, wa kushoto nyingine. Taratibu, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa aliyelala. Sahani zinafunikwa, zinaandikwa tarehe, zinaingizwa kwenye kabati la joto. Zinakaa humo siku tatu. Kama kwenye glavu kulikuwa na kijidudu hata kimoja, kitaila ile jeli, kitazaana, na siku ya tatu utakiona bila miwani: kitone cheupe, kama maziwa yaliyodondoka.

Kwake hakikuonekana kitone. Miaka kumi na tisa! Kwenye daftari la maabara mstari wake ulikuwa sifuri, sifuri, sifuri, mpaka wenzake wakaacha kumwita jina wakamwita Mzee Sifuri. Mwenyewe alilipenda. Ukimwita la kwenye kitambulisho anageuka polepole. Ukimwita Sifuri anageuka shingo na mabega.

Alikuwa anafanya kazi chumba cheupe, pale chupa za matone ya macho zinapojazwa. Jicho halina mzaha na uchafu. Dawa yake ikiingia vijidudu, mtu anaweza kupofuka. Kwa hiyo kuingia mle ni shughuli. Unanawa mpaka viwiko, unavaa suti inayokufunika kuanzia kisigino mpaka nywele, unabaki macho tu, nayo yana miwani. Mle ndani hukimbii, huimbi, hujikuni. Pua ikiwasha inawasha, wewe na Mungu wako mpaka zamu iishe. Mzee Sifuri alikuwa anaenda mle kama samaki anavyoenda majini. Vijana wapya walikuwa wanapelekwa kwanza kwenye kioo wamtazame yeye. "Mnaona anavyogeuka? Mwili mzima, bila haraka. Haya, fanyeni hivyo."

Tatizo, chumba cheupe alikihamishia nyumbani.

Mlango alikuwa anaufungua kwa kiwiko. Watu aliwasalimia mkono ukiwa kifuani, wa kwake mwenyewe. Akienda kwa jirani anabeba kikombe chake mfukoni, na jirani ameshazoea, anamimina tu. Mke wake alikuwa anasema, "Mimi hapa mke mdogo. Mke mkubwa ni sabuni." Wageni wanacheka, mzee anacheka nao, halafu anainuka kwenda kunawa.

Na binti yao wa pekee alikua akijua kwamba baba anakupenda kwa kukuangalia. Alipokuwa mchanga, baba alimbeba mara mbili, zote mbili akiwa amezungushiwa shuka lililopigwa pasi. Si ukatili. Yule mzee alikuwa ameona mno. Alishaona dole gumba la mtu msafi, aliyetoka kuoga, likibonyezwa kwenye sahani, na siku ya tatu sahani nzima imechanua kama ukuta wenye ukungu. Ukishaona hivyo, unamshikaje mtoto wa siku mbili?

Sasa binti huyo akashika mimba, na mwezi wa saba presha ikampanda, akapasuliwa haraka haraka siku ya Jumapili. Akatoka mtoto wa kike, gramu elfu moja mia nne na ishirini. Hajafika hata uzito wa pakiti mbili za sukari. Mama mtu akabaki wodi ya juu, hawezi kuinuka, dripu mkononi. Baba wa mtoto ni fundi wa mitambo kwenye meli ya mizigo, wiki tatu hajakanyaga nchi kavu. Bibi alifika mbio na kanga begani, akakohoa mara moja mlangoni pa wodi ya watoto njiti, nesi akamgeuza kama ufunguo: "Bibi, ukipona karibu."

Akabaki babu.

Jumatatu jioni, bado jua lipo, Mzee Sifuri alisimama nje ya kioo. Wodi ile ilikuwa na nesi mmoja mfupi, mnene, mwenye mikono iliyokunjwa mpaka juu ya kiwiko. Akatoa kichwa.

"Babu wa mtoto wa kitanda cha sita ni nani?"

"Mimi, sista."

"Ingia. Vua shati."

"Samahani?"

"Shati, babu. Na fulana. Mtoto anataka kifua. Tunamlaza juu yako, ngozi kwa ngozi, tunawafunga pamoja, unamtunzia joto. Mashine hii wako wawili ndani, na mwingine anakuja kutoka leba. Mama yake hajiwezi, bibi anakohoa, baba yake anaongea na samaki. Umebaki wewe."

Mzee akatazama ndani. Mtoto amelala kwenye kabati la kioo, taa juu, joto kiasi. Na hapo ndipo moyo ulipomkata. Kwa sababu kwake yeye, maisha yake yote ya kazi, kabati la joto ni mahali pa kuoteshea vijidudu. Unaweka kitu safi, unakipa joto, unasubiri kuona nini kitaota.

"Sista, mimi najua mikono ya watu ina nini."

"Hata mimi najua. Ndiyo maana pana sinki pale."

"Na kifua je?"

"Kifua kina nini?"

"Kina... kina vitu vingi, sista. Hutaki kujua."

Nesi akamtazama kuanzia viatu. "Babu, una kidonda? Una upele? Unakohoa?"

"Hapana."

"Basi vua."

"Kesho," akasema mzee. "Nikajiandae."

"Hiyo kesho mwambie mjukuu wako, mimi usiniambie."

Jumanne alikuja, akasimama nje ya kioo. Kwenye karatasi iliyobandikwa kitandani: elfu moja mia tatu tisini. Nesi alimwonyesha shati kwa kidole. Mzee akaondoka. Jumatano alikuja tena: elfu moja mia tatu sitini. Watoto wachanga wote hupungua kidogo siku za kwanza, hilo nesi alimwambia. Lakini akamwambia na la pili: huyu joto lake halitulii, anakula nguvu zake mwenyewe kujipasha, na ukiwa na gramu hizo huna akiba ya kuchezea.

Nyumbani mke wake alimsubiri mlangoni, kikohozi na kitambaa mdomoni.

"Umembeba?"

"Bado."

"Bado nini? Unasubiri aote meno?"

"Mama, mimi nikimwambukiza..."

"Baba, mimi ningekuwa na kifua kizima hapa usingeniona tangu Jumatatu. Ningekuwa kule nimejifunga na mjukuu wangu kama kifurushi. Wewe una kifua, umekiweka kabatini." Akaanza kukohoa, na hasira ikazidisha kikohozi. "Binti yako ulimpenda kwa mbali, nikanyamaza. Huyu akiondoka bila kuguswa na mtu wa kwao, sitanyamaza."

Mzee akageuka. Alienda kunawa. Alinawa mpaka mke wake akazima bomba mwenyewe.

Lakini turudi nyuma kidogo, kwa sababu kiwandani nako kulikuwa kumechemka.

Jumatatu hiyohiyo asubuhi, maabara ilikuwa imepata mkuu mpya, dada wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, anayekutazama kana kwamba uko kwenye kipande cha kioo chini ya lenzi. Kabla ya saa sita wafanyakazi walishampa jina: Darubini. Wakuu waliomtangulia walikuwa wanakaa nje ya kioo na chai. Yeye akavaa suti akaingia, akasimama kona, akatazama zamu nzima.

Zamu ikaisha. Mzee Sifuri akasogea kwenye meza ya sahani. Kama kawaida yake, akachukua chupa ya spiriti, akapuliza glavu mbele na nyuma, akasugua, akanyoosha vidole kubonyeza.

"Mzee wangu, simama hapohapo." Darubini amesogea. "Hiyo chupa ya nini?"

"Spiriti. Nasafisha glavu."

"Kabla ya kubonyeza?"

"Ndiyo. Siwezi kuweka mikono michafu kwenye sahani ya watu."

Dada akaichukua chupa, akaiweka pembeni. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini, haikuwa ya kumkomoa. "Sasa mzee, sahani inatakiwa ipime nini?"

"Mikono yangu."

"Mikono yako ilivyokuwa kazini. Wewe unaua kila kitu kwanza, ndipo unaipeleka ikaulizwe. Ni kama kulifua shati ndipo umuulize mtu kama jana lilikuwa na doa."

Mzee alisimama na mikono hewani. Hakuna aliyewahi kumwambia. Bosi wake wa kwanza, marehemu sasa, alimfundisha neno moja: ukitaka kugusa kitu, puliza. Akalishika kama amri. Na nani angemkosoa, mtu wa sifuri? Hata wale vijana walioletwa kiooni walikuwa wanafundishwa mgongo wake. Meza ya sahani ilikuwa upande wa pili, haionekani.

"Leo usibadili glavu," akasema Darubini. "Hizi hizi ulizofanyia kazi. Spiriti ya sasa hivi imeshaharibu, kwa hiyo rudi kwenye mashine, malizia kreti ile ya mwisho, halafu uje ubonyeze bila kupuliza."

Akaenda, akamaliza kreti, akarudi. Akabonyeza vidole vyote kumi, vikavu. Alijiona kama mtu anayevuliwa nguo barabarani.

Ndiyo maana Jumatatu jioni, nesi alipomwambia vua shati, alikuwa ameshavuliwa mara moja siku hiyo. Na sahani ziko kwenye joto, hazijasema. Mtu asiyejua vidole vyake vina nini atamshikaje mtoto?

Alhamisi asubuhi Darubini akamwita maabara. Sahani mbili juu ya meza. Mzee hakukaa.

Mkono wa kushoto, kitone kimoja. Wa kulia, vitatu kwenye dole gumba, viwili kwenye kidole cha shahada. Vyeupe, vya mviringo, vimetulia kabisa, kama vimekaa hapo miaka.

"Sita," akasema mzee.

"Sita. Glavu ya kulia ilikuwa na tundu dogo. Nimelikuta kwenye dole gumba, ukilijaza maji linavuja."

"Dawa je? Chupa nilizojaza?"

"Za Jumatatu tumezitenga, hazitoki. Za nyuma, usijitese. Kila toleo tunachukua chupa, tunazipima zenyewe, tunazisubiri siku kumi na nne ndipo zitoke. Nimepitia madaftari ya miaka yote mitatu iliyopo. Chupa zilikuwa safi."

"Na zile sifuri zangu?"

Angeweza kumdanganya. Mwingine angemdanganya. Dada akavuta pumzi. "Sijui, mzee. Huenda mikono ilikuwa safi kweli. Huenda ni spiriti iliyokuwa inaweka saini. Hakuna wa kujua tena."

Mzee akakaa sasa. Kiti kikalia. Miaka kumi na tisa, na hakuna wa kujua tena. Alitamani angepigiwa kelele, kelele angejua pa kuziweka.

"Nimekuwa mchafu," akasema.

"Njoo uone uchafu wenyewe." Akamsogezea darubini, akamwekea chini ya lenzi vijidudu alivyokwisha kuvitia rangi. "Tazama."

Mzee hakuwahi kutazama. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha havionekani. Aliinama, akafumba jicho moja, akaona vitu vya mviringo, rangi ya zambarau, vimekusanyika mafungu mafungu kama zabibu.

"Hawa ni wa ngozi," akasema Darubini. "Wa kawaida. Mimi ninao, mkeo anao, mkurugenzi anao na tai yake. Kwenye chupa ya macho hawatakiwi, nitakutoa chumba cheupe wiki mbili ujifunze upya kubonyeza na kukagua glavu, halafu utarudi. Lakini kwenye ngozi yako wako kwao. Wanakulinda hata."

"Wananilinda?"

"Wanakaa kwenye viti. Mgeni mbaya akija anakuta viti vimejaa."

Mzee akatoa jicho kwenye lenzi. Na pale, bila kupanga, yote yakamtoka: mtoto, kabati la joto, nesi, shati, gramu thelathini kila siku. Alisema haraka, akiangalia meza. Darubini alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu alikunja uso kama mtu aliyeumwa jino.

"Tangu Jumatatu? Mzee wangu! Sikia. Yule mtoto ametoka tumboni viti vyote vitupu. Lazima vikaliwe, hutaki unataka. Ama vikaliwe na vijidudu vya familia yake, au vikaliwe na vya wodini. Na vya wodini unavijua ni vipi? Vimeshakunywa dawa zote za hospitali, vingine havisikii tena hata moja. Vina shahada! Wewe na hivi vyako sita, vya darasa la kwanza, ndio salama yake."

"Kwa hiyo nini kifanyike?"

"Unaniuliza mimi? Nesi amekuambia siku tatu. Nawa kwa sabuni, vua shati."

Alitoka kiwandani saa nne asubuhi, saa ambayo hajawahi kuliona lango kwa upande wa nje. Hakupita nyumbani. Lakini mtu haachi tabia kama anavyovua kofia. Kwenye choo cha hospitali alitoa chupa yake ndogo ya spiriti, akajipangusa kifua, tumbo, shingo, mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Nesi alimnusa kabla hajamwona. "Nani kamwaga nini humu? Babu! Unanuka kama bomba la sindano. Mtoto wa gramu hizi umfukizie spiriti puani? Toka. Kaoge maji na sabuni kama binadamu, hata chini ya kwapa, halafu rudi."

Akaenda, akaoga, akarudi akinuka sabuni ya kipande. Nesi akamkalisha kwenye kiti cha kuegemea, karibu na dirisha. Mzee akafungua vifungo. Cha tatu kilimshinda, yeye ambaye mikono yake ilikuwa haikosei kwenye mashine. Nesi akamfungulia. Fulana ikatoka. Nywele za kifuani nyeupe, mbavu, alama ya chanjo ya zamani begani.

"Sista, kama nikimdhuru..."

"Nipo hapa. Nimewafunga wazee wakubwa kuliko wewe, wengine walilia. Nyosha mgongo."

Akaleta mtoto. Kofia ya sufu, nepi, basi. Akamlaza katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue. Akavuta kitambaa kirefu, akawazungushia wote wawili, akakaza. Mzee hakupumua. Kweli hakupumua, mpaka nesi akamgonga bega: "Babu, huyo anafuata pumzi yako. Ukiacha wewe, anashangaa."

Akapumua.

Kwanza alisikia baridi. Miguu ile ilikuwa kama vijiko vilivyotoka kwenye maji. Halafu baridi ikaanza kuisha. Alihisi moyo wa mtoto, mwepesi, unakimbia juu ya wake. Kiganja kidogo kikatambaa, kikakamata nywele mbili za kifua cha mzee, kikazivuta. Iliuma kweli. Akaziacha zivutwe.

Alitazama vidole vyake vimekaa hewani pembeni, glavu hakuna, spiriti hakuna, havijui pa kwenda. Akavishusha kimoja kimoja mgongoni kwa mtoto, juu ya kitambaa kwanza. Kisha akaingiza kidole kimoja ndani, kile cha shahada, chenye vitone viwili, akakiweka kwenye bega la mjukuu wake.

"Samahani," akamwambia kwa sauti ya chini sana. "Nilichelewa njiani."

Nesi alipima joto la mtoto baada ya saa moja. Akaandika, akapima tena baada ya nyingine, akatikisa kichwa kwa namna ya kukubali. Juu wodini walimpelekea mama mtu picha kwenye simu ya nesi. Jibu likarudi kwa sauti, binti analia na kucheka: "Huyo ni baba yangu? Yule? Mwambieni asiondoke hapo. Mwambieni... ah, mwambieni tu akae."

Akakaa. Saa ya tatu alihisi joto jipya, tofauti, likishuka upande wa kushoto wa tumbo, likipita mbavuni, likiingia kwenye mkanda wa suruali. Nepi ilikuwa kubwa kuliko mwenye nayo. Alielewa mara moja ni nini.

Nesi alikuwa anapita na beseni, akaona kitambaa kilivyolowa, akasimama. "Pole, babu. Lete nimtoe, tubadilishe, na wewe ukanawe."

Mzee hakusogeza hata kidole. "Ngoja kwanza, sista," akanong'ona. "Amelala."